“Nikilala bila kuomba, mwanangu anaugua”

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Nimelelewa kanisani, baba yangu alikuwa mwinjilisti. Nalitaja hilo mapema ili usidhani ninakuandikia kwa kuwa sijui maandiko. Nayajua, na siku hizi ndiyo yanayoniumiza zaidi.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alifariki akiwa na miaka mitatu. Alikuwa akivimba mikono na miguu, analia usiku kucha. Tukaambiwa ni meno, mara ni chango, mara ni jicho la watu. Siku moja alishikwa na homa kali, na kabla ya juma kuisha tulikuwa tumeshamzika. Msibani waliniambia nisilie sana, Mungu amechuma ua lake. Basi sikulia.

Wa pili ni binti, sasa ana miaka minane. Alipoanza dalili zilezile, dada yangu anayeishi mjini alitushikilia mpaka tukampeleka hospitali ya Bugando. Akapimwa, wakatuambia ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu (sickle cell). Tangu hapo anahudhuria kliniki na kila siku anameza haidroksiyurea na foliki asidi. Siwezi kusema uongo, zamani alikuwa akilazwa mara kwa mara na siku hizi ni mara chache. Lakini maumivu yakija, Mama, hata kumgusa huwezi.

Kila usiku saa tisa naamka kumwombea. Nilianza mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Kuna siku nilikuwa nimelima kutwa, nikapitiliza mpaka kunakucha, na asubuhi ileile mtoto akaamka analia mgongo. Tangu hapo sijapitiliza tena. Nikilala bila kuomba, mwanangu anaugua. Najua wengine watacheka, ila mimi nimeyaona.

Mwaka huu jirani alinipeleka kwenye huduma moja. Mtumishi akasema ukoo wa kwetu una madhabahu inayokula watoto, na kuivunja kunahitaji sadaka ya laki tatu. Akasema pia dawa tuziweke chini kwa siku 40 kama ishara ya imani, kwa sababu mtu hawezi kusema Mungu ameponya huku anameza vidonge. Mama mkwe alipolisikia hilo la ukoo wa kwetu, amelishika hadi leo. Mume wangu ni mchimbaji mdogo huko Geita, huja mara moja kwa mwezi. Nikimuuliza, jibu lake ni moja: “Fanyeni mnavyoona.” Na mimi hapa nina mimba ya miezi sita.

Kanisani naimba sauti ya kwanza. Wakisema “Mungu ni mwema”, naitikia “kila wakati”, na moyoni nasikia hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mwanadamu yeyote. Nikijaribu kueleza, wananijibu kwa Wafilipi sura ya 4, msijisumbue kwa neno lolote. Mstari huo nimeusoma hadi naona kama naonywa.

Majuzi binti yangu akiwa kwenye maumivu aliniuliza, “Mama, kwani Mungu amenikasirikia?” Nilishindwa kumjibu, nikatoka nje.

Nauliza: nijaribu kuacha dawa, huenda kweli imani yangu ndiyo imepungua? Hasira hii ni dhambi? Na nifanyeje nimtumaini Mungu tena, walau nipate amani kidogo kabla huyu wa tatu hajazaliwa?

Mama wa Misungwi

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mtoto uliyemzika, maana naona hukupewa nafasi ya kuipokea, na pole ya huyu unayemuuguza.

Naanza na la dawa kwa kuwa ndilo lisilongoja. Usiziache. Si kwa siku 40, si kwa siku nne. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi kama muuguzi wa watoto, na hadi leo ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nikizungumza kidonge na Zaburi katika barua moja usishangae. Haidroksiyurea humfanya mtoto aendelee kutengeneza ile aina ya himoglobini (kitu kinachobeba hewa ndani ya damu) aliyokuwa nayo tumboni mwako, ambayo huzuia chembe za damu zisijikunje na kuziba mishipa. Ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yalipotolewa yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Wewe mwenyewe umeshuhudia hapo nyumbani kwako, umesema binti halazwi kama zamani. Huo ushuhuda usiruhusu mtu akunyang’anye. Kama ungesimama kanisani ukasema “Mungu amenisaidia, mwanangu halazwi tena kama mwanzo,” ungekuwa umesema kweli tupu.

Eti anayemeza dawa hajaamini. Mtume Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Hakumwambia aongeze imani. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na hakuna mahali tunasoma kwamba alimlaumu. Hezekia alilia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15, na nabii Isaya huyohuyo aliyempelekea habari njema akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Na rafiki aliyesafiri na Paulo, Luka, alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Kuhusu laki tatu, kasome 2 Wafalme sura ya 5 polepole. Naamani, mkubwa wa jeshi la Shamu, alipopona ukoma alimrudia Elisha na zawadi nzito. Elisha akakataa kupokea chochote. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyemkimbilia Naamani njiani akachukua fedha na nguo, na ukoma ukawa wake. Mimi huyo mtumishi wako simjui na sitamhukumu kwa jina, ila kipimo hicho kipo kwenye Biblia na kinasomeka bila msaada wa mtu. Hiyo laki tatu ni dawa, ni nauli za kwenda kliniki, ni chandarua kipya, ni maandalizi ya kujifungua. Kama fedha ndizo zinazokubana hadi dawa zinakosekana, ukienda kliniki waulize ilipo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ueleze hali yako bila aibu. Wapo kwa ajili hiyo.

Sasa laana. Selimundu mtoto huipata akirithi kinasaba kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Kwa mama peke yake haiji, kwa baba peke yake haiji. Nyinyi wawili mna kimoja kimoja, mko wazima, hamkujua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa, na hesabu huanza upya kila mara. Haiangalii nani alizaliwa kabla. Kwa nini kinasaba hiki kimejaa kwetu huku Kanda ya Ziwa, na Uganda, na Kongo? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya hapahapa Afrika Mashariki, ukionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Maana yake, mababu zenu wa pande zote mbili walioishi kwenye mbu wa ziwa, baadhi yao walipona kwa sababu ya kitu hichohicho ambacho leo kinaitwa madhabahu ya ukoo wa kwenu. Mimi jambo hili kila nikilitafakari linaninyamazisha. Sijui kwa nini Mungu ameruhusu kilichowalinda wengi kiwatese wachache. Lakini laana siioni.

Wanafunzi walimuuliza Yesu habari za kipofu: nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Angetaka kutafuta madhabahu za ukoo, hapo ndipo pangekuwa mahali pake.

Mama mkwe lakini usimjibu wewe. Unajua mila, mkamwana akimweleza mkwe habari za damu na urithi, hata kama anasema kweli, itasikika ni ujeuri. Mwachie mumeo, au tafuta shangazi yake mmoja mwenye busara. Na mumeo naye ana la kuambiwa, nitalifikia.

Nije kwenye saa tisa ya usiku. Ndipo barua yako iliponishika, kwa sababu nadhani amani yako imefungwa hapo.

Unaniambia ukilala bila kuomba mtoto anaugua. Mwanangu, umejipa zamu ya ulinzi ambayo hakuna mwanadamu anayeiweza. Umeanza kuamini kwamba uhai wa binti yako umeshikwa na kuamka kwako, na kwamba ukisinzia wewe, hakuna mwingine aliye macho. Halafu unaniuliza kwa nini huna amani. Mtu angepataje amani na mzigo huo? Angalia pia jambo moja: yule mtumishi anakutoza laki tatu, na wewe unajitoza usingizi, lakini mafundisho ni yaleyale. Yote mawili yanasema uponyaji unauzwa, na kama hujaupata basi hukufikisha bei. Ndiyo maana maneno yake yalikuingia kirahisi namna ile. Yalikuta mlango umeshafunguliwa.

Yesu alisema tusiombe kama wale wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi. Sababu aliyoitoa ni kwamba Baba anajua haja zetu kabla hatujamwomba. Kumtumaini Mungu, kwa jinsi ninavyoelewa mimi baada ya kukaa na wagonjwa wengi, ni kukubali kwamba mtoto huyu ni wake kabla hajawa wako, na kwamba anapendwa hata saa ambazo wewe umelala fofofo. Hiyo haimaanishi hataumwa tena. Ningekudanganya. Nawajua watu wenye imani kubwa waliozika watoto, na nawajua wasioingia kanisani ambao watoto wao wamekua wakaoa. Imani yako haipimwi kwa kiwango cha damu ya binti.

Kwa hiyo agizo langu ni hili, lichukue kama agizo la muuguzi: lala. Una mimba ya miezi sita, unalima, unauguza, na unakatisha usingizi kila usiku. Mwombee binti yako jioni, mkiwa naye, mkono wako ukiwa kichwani kwake, dakika chache tu zinatosha. Ukimaliza, hakikisha amekunywa maji ya kutosha, amejifunika vizuri, chandarua kimechomekwa, dawa imemezwa. Halafu lala. Mwili ukikuamsha saa tisa kwa mazoea, usishuke kitandani. Sema mstari mmoja wa Zaburi ya 121, “Hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli,” kisha geuka upande wa pili. Kama yeye hasinzii, hakuna haja ya kuwa macho wawili. Na Zaburi ya 127 inasema, “Yeye humpa mpenzi wake usingizi.” Usingizi nao ni zawadi, hata kama kanisani kwetu tunasifia mikesha peke yake.

Nakutahadharisha mapema ili lisikuangushe: itakuja siku utalala usiku kucha, na asubuhi binti ataamka na maumivu. Selimundu ndivyo ilivyo. Baridi huyaleta, kiu huyaleta, malaria na maambukizi mengine huyaleta, kuchoka sana huyaleta, na wakati mwingine huja bila sababu inayoonekana. Asubuhi hiyo ile sauti itakuambia, “Unaona?” Ikisema hivyo, hesabu na zile asubuhi ambazo ulikesha na bado aliumwa. Naamini zipo. Hukuzihesabu kwa sababu siku hizo hukuwa na wa kumlaumu. Mpe maji, mpe dawa ya maumivu waliyokuelekeza kliniki, mpashe joto. Ila akiwa na homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, usingoje kuombewa kwanza. Nenda hospitali, muombewe mkiwa njiani.

Uliuliza kama hasira yako ni dhambi. Fungua Zaburi ya 13, inaanza hivi: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Huyo analalamika mbele ya Mungu kwa sauti, na Israeli wakaichukua wakaifanya wimbo wa ibada. Zaburi ya 88 ndiyo kali kuliko zote. Nyingine huanza na kilio zikaishia na sifa. Hiyo inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna aliyeifuta. Ayubu naye alisema maneno ambayo leo akiyasema kwenye jumuiya angeitiwa kikao, na mwisho Mungu aliwakasirikia wale rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Wale rafiki walifanya jambo moja jema, nalo ni zile siku saba za mwanzo walipokaa naye chini bila kusema neno. Natamani watu wetu wa msibani wangeishia hapo. Hilo la Mungu kuchuma ua lake sijui tumelitoa wapi, kwenye Biblia silioni, na mama aliyefiwa linamwachia Mungu mwizi wa bustani.

Kwa hiyo hasira yako ipeleke kwake moja kwa moja badala ya kuificha nyuma ya “kila wakati”. Kama maneno yamekukauka, soma Zaburi ya 13 kwa sauti na kila aya uweke habari yako. Ni aya sita tu. Na mtaje mtoto wako wa kwanza kwa jina lake alilobatizwa au ulilomwita. Katika barua nzima umemwita “wa kwanza”. Hukumlilia wakati ule kwa sababu ulikatazwa, na sehemu ya hasira hii naona ni msiba wake ambao bado haujakaliwa. Ukimlilia sasa, miaka hii yote baadaye, huvunji imani.

Na huo mstari wa Wafilipi unaopigwa nao. Watu wanaunyofoa sura ya 4 wakausahau waraka wenyewe. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, hakuwa amekaa mahali pazuri. Na sura mbili nyuma, katika sura ya 2, anaeleza habari za Epafrodito, aliyeugua hata karibu na kufa, na anakiri kwamba Mungu alimhurumia yule ndugu, na yeye Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Sikiliza hapo. Mtu yuleyule anayesema msijisumbue, anasema Epafrodito angekufa yeye angehuzunika juu ya huzuni aliyokuwa nayo tayari. Hakujifanya jiwe. Kwa hiyo amani anayoitaja, ile ipitayo akili zote, haikuwa ya mtu asiyelia. Alikuwa nayo pamoja na huzuni yake, ndani ya kifungo kilekile. Tena maneno yenyewe hayasemi “msijisumbue” yakaishia hapo. Yanasema haja zenu na zijulikane na Mungu. Yaani semeni. Anayekujibu kwa mstari huo ili unyamaze, ameusoma kinyume.

Binti yako sasa. Swali lake ulilikimbia, na sikulaumu, lakini bado analo. Usingoje aulize mara ya pili akiwa kwenye maumivu. Chagua siku akiwa mzima, mkisuka nywele au mkichambua mboga, umwambie: “Siku ile uliniuliza kama Mungu amekukasirikia. Hapana. Huu ugonjwa ulizaliwa nao, uko kwenye damu, ulitoka kwangu na kwa baba yako, na hakuna mtu aliyefanya kosa. Mungu anakupenda siku ukicheza na anakupenda siku ukilia.” Akikuuliza basi kwa nini hamponyi, mwambie hujui, na kwamba na wewe huwa unamuuliza. Watoto hawaogopi mzazi asiyejua. Wanachoogopa ni mzazi anayetoka nje. Na mruhusu alie akiumwa. Usimwambie ajikaze ili aonekane ana imani.

Mumeo. Ule usemi wake wa “fanyeni mnavyoona” unasikika kama hajali, lakini nimewaona wababa wengi wa aina hiyo kwenye korido za hospitali. Alizika mtoto wa kiume, hakuna aliyemuuliza anajisikiaje, akarudi shimoni. Na sasa pengine ameshajua, au anahisi, kwamba na yeye ametoa nusu. Mwambie tarehe ya kliniki mapema, umuombe aje hiyo siku moja. Muwe wote wawili mbele ya daktari, awaeleze urithi unavyokwenda kwa kuchora kwenye karatasi. Maneno hayo akiyasikia kwa daktari, atakuwa na cha kumwambia mama yake, na wewe hutabaki mshitakiwa peke yako. Hapo pia mnaweza kuuliza kuhusu upandikizaji wa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imeanza kuwafanyia watoto wenye selimundu tangu 2023. Si kila mtoto anafaa na si jambo la kuliwekea matumaini yote, ila ni haki yenu kujua.

Ukienda kliniki ya wajawazito, mweleze mkunga hivi ulivyoniandikia: hulali, hasira haiishi, furaha imekwisha. Mimba huweza kuleta huzuni nzito inayotibika, na kuitibu si kumkana Mungu. Ukiona unaanza kutamani ulale usiamke, usingoje tarehe. Nenda siku hiyohiyo, na mwambie dada yako aliyewashikilia kwenda Bugando. Huyo dada mshukuru Mungu kwa ajili yake. Nadhani wakati unamngoja malaika, ulikuwa umeshatumiwa yeye.

Kwaya unaweza kuipumzikia mpaka utakapojifungua, mimba ni sababu tosha na hakuna atakayekuhoji. Kaa kwenye benchi na binti yako, waimbe wengine. Ukisikia kuitikia, itikia. Usiposikia, nyamaza, bado uko kanisani.

Mtoto akizaliwa, waambie mapema hapo hospitali kwamba dada yake ana selimundu ili naye apimwe damu akiwa mchanga, msingoje dalili kama mlivyongoja kwa kaka yake. Akiwa nayo, ataanzishiwa katika miezi ya mwanzo penisilini ya kumkinga na maambukizi hadi afikishe walau miaka mitano, pamoja na chanjo zake, na hicho ndicho ambacho kaka yake hakukipata kwa sababu hakuna aliyejua. Kati ya nafasi nne, tatu ni za kuwa hana ugonjwa huo. Majibu yakitoka niandikie, yawe vyovyote yatakavyokuwa, na uniandikie mchana, baada ya kulala.